Kitufe cha Tanzi

Saa tatu asubuhi, kabla wateja hawajajaa kwenye saluni yake ya Segerea, Editha alikuwa ameshapanga picha arobaini na moja. Kazi hiyo haikuwa na malipo. Wanasayansi walifunga kamera kwenye miti ya pori moja huko kusini, zikawaletea picha milioni tatu, wakakosa pa kuanzia. Basi wakaomba msaada kwa yeyote mwenye simu. Unabonyeza jina la mnyama, kisha anachofanya: amesimama, anatembea, anakula, anapumzika. Editha, ambaye kwa miaka kumi na tano amewatambua watu kwa visogo vyao tu, aliiweza kuliko maprofesa.

Picha ya arobaini na mbili ilikuwa ya kongoni mwenye tanzi la waya mguuni, limezama mpaka kwenye nyama. Kitufe cha tanzi hakikuwepo. Editha akawaandikia wanasayansi. Walimjibu siku hiyohiyo, wakamshukuru na kumpa nyota ya dhahabu. Roho ilimuuma, akabonyeza "amesimama".

Jumanne yake kongoni yule akaja saluni. Alibisha mlango kwa pembe, akaingia akichechemea, akashika foleni nyuma ya Asifiwe, bibi harusi mtarajiwa.

"Da Editha, mie ndo nilitangulia," alisema Asifiwe.

"Wewe harusi yako Jumamosi. Mwenzio mguu unamuuma leo."

Asifiwe akasogea, akinung'unika kwamba upendeleo umezidi mjini. Gregori, fundi pikipiki wa mlango wa pili, akaleta koleo, akakata waya. Editha akaosha kidonda kwa maji ya chumvi. Kongoni akatoka, akakata kushoto kufuata barabara, hata kuaga hakuaga.

Wiki iliyofuata wakaja wanne, kisha tisa. Editha aliongeza beseni, na nyaya zile akaziunga zikawa kamba ya kuanikia taulo. Wateja walizoea. Aliyelalamika alilalamikia harufu tu.

Ila si wote waliofika. Zipo picha ambazo kongoni yuko chini, shingo imepinda, nzi wamejaa machoni. Editha alitafuta kitufe, akatafuta tena, akaishia kubonyeza "anapumzika" huku machozi yakimlengalenga. Watu elfu sita wengine, kila mmoja na simu yake, walibonyeza hivyohivyo.

Mwezi wa nane waliojitolea wote waliletewa barua. Ugunduzi ulikuwa mkubwa: kongoni wa pori lile hupumzika kuliko kongoni wengine wote duniani. Sababu bado inatafutwa, huenda ni utulivu wa mahali penyewe. Jina la Editha lilikuwa la kumi na moja kwenye shukrani, limeandikwa bila kosa.

Aliisoma kwa sauti. Gregori alisikiliza. Asifiwe, sasa mke wa mtu, alisikiliza. Kongoni saba waliokuwa kwenye foleni nao walisikiliza, kila mmoja na waya wake mguuni.

"Wamekuandika vizuri, sista," alisema Gregori.

"Wameniandika," alisema Editha. "Lete koleo."