Habari za Mkono

Naapa kwa meno yangu yote yaliyobaki: kisa hiki ni kweli tupu, mwanzo hadi mwisho. Majirani watakwambia natia chumvi, tena wanadai ndiyo maana presha yangu haishuki. Waache waseme. Leo siongezi hata punje.

Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, alikuwa mwendesha mashine katika kiwanda cha maboksi. Wenzake walimwita Bwana Salama, maana hajawahi kujibu kitu kingine. Nyumba yake ingeungua, ungemkuta anatoka na moshi kichwani, umuulize habari, akujibu, "Salama, sijui wewe." Angekuuliza watoto, angekuuliza kazi, angekuuliza goti, ndipo aseme, "Ila nyumba imeungua."

Najua, sote tuko hivyo. Habari huwa nzuri kwanza, ndipo tunafika kwenye ugonjwa na msiba. Lakini ile "ila" ya shemeji ilikuwa inachelewa kuliko za watu wengine.

Mashine yake ilikuwa ya kubana na kukata karatasi ngumu. Wafanyakazi waliiita Mama Mkwe, kwa kuwa haikuwa na mzaha na mtu. Zamani ilikuwa na kinga, wavu wa chuma ulioshuka mbele ya mikono kabla kisu hakijashuka. Msimamizi akaona wavu unachelewesha kazi, akaung'oa, akautupa stoo, ukawa wa kuanikia matambara. Siku moja karatasi ikakwama. Shemeji akaingiza mkono kuinyoosha, Mama Mkwe akashuka.

Ulikuwa mkono wa kulia. Haukukatika, ulipondeka. Hospitali waliushona kadiri walivyoweza, lakini vidole vitatu vilibaki vimesimama wima kama watu walioambiwa wasubiri. Kidole gumba na cha shahada vinaweza kubana kitu kidogo kwa muda mfupi, kisha vinatetemeka na kitu kinaanguka. Kiwanda nacho hakikulala: kilitundika bango jipya juu ya mashine, USALAMA KWANZA. Wavu ukabaki stoo.

Sheria inasema aliyeumia kazini alipwe fidia, na asiyeweza tena kazi yake apewe pensheni ya ulemavu. Ila lazima kwanza aonwe na daktari wa bodi ya fidia. Shemeji akaenda peke yake. Aliporudi akapita kwetu, akanywa chai, akamaliza salamu zote, ndipo akanisimulia.

"Daktari aliniuliza, habari za mkono?"

"Ukamjibuje?"

"Nikamwambia nzuri."

"Nzuri!"

"Sasa shemeji, mtu ndiyo kwanza nakutana naye, nianze kumlilia?"

"Halafu?"

"Akaandika. Nikawa nangoja amalize kuandika nimweleze. Akasema, mwite anayefuata."

Jibu likaja: amepona, arudi kwenye mashine yake. Tukakata rufaa. Tukaambiwa atasikilizwa mara moja tu, na hapo hakuna tena pa kwenda. Asipopewa pensheni, ama arudi kwa Mama Mkwe na mkono ule, ama apoteze kazi, na ana watoto wanaokula kama nzige.

Nikaamua kumfundisha. Kama kuna jambo ninalolijua hapa duniani ni kulalamika. Nikakaa kitako, nikaweka sauti ya kidaktari.

"Habari za mkono?"

"Mbaya," akasema, akainamisha kichwa kama aliyetukana mtu. "Samahani."

"Usiombe samahani!"

"Mbaya kidogo."

"Hiyo kidogo ya nini?" mke wangu akafoka kutoka jikoni. "Umeitoa wapi?"

Tulirudia mpaka akaweza kuisema yote bila kuona aibu: mbaya sana, siwezi kukunja, siwezi kushika, nikishika kinaanguka. Mke wangu akapiga makofi.

Chumba cha bodi kilikuwa na feni inayozunguka bila kutoa upepo, na meza ndefu yenye kitambaa cha kijani. Nyuma yake waliketi watatu: mwenyekiti, ambaye ni mama aliyevaa miwani ya kamba; daktari yuleyule; na bwana mmoja mnene ambaye sikuambiwa kazi yake.

"Karibu, baba," mwenyekiti akasema kwa upole, na huo upole ndio uliotumaliza. "Habari za mkono?"



"Nzuri," shemeji akasema. "Sijui nyie."

Daktari akainama kuandika. Shemeji alikuwa anangoja amalize. Hapo mimi nikasimama.

"Msimsikilize! Mkono huo umekufa mpaka begani! Hausikii hata moto! Juzi nzi ametua juu yake, amekaa kutwa, kaondoka mwenyewe kwa kuchoka! Mimi ndiye ninayemlisha huyu, mimi ndiye ninayemvisha!"

"Wewe ni nani wake?"

"Shemeji yake," nikasema. Ukweli ni kwamba sijawahi kumlisha hata kuku.

Katika kugeuka kunitazama, daktari akaangusha kalamu, ikabingirika mpaka miguuni kwa shemeji. Mtu mwingine angeiacha. Yeye akainama, akaibana kwa vile vidole viwili vyake, akashika kiwiko kwa mkono wa kushoto, akampa daktari kwa mkono wa kulia, kwa heshima zote. Daktari alipoipokea, vidole vikaanza kutetemeka. Wakati huo walikuwa wameshaacha kuvitazama, wananitazama mimi.

"Huo ndio mkono uliokufa mpaka begani?" daktari akauliza.

"Tazameni vidole vitatu," nikasema. "Havikunjiki. Mashine iling'olewa wavu, uko stoo mpaka leo, nendeni mkauone." Yote hayo ni kweli, na nilikuwa nayasikia yanavyotoka kinywani mwangu yakiwa na harufu ya uongo.

"Na huo wavu nao umekaliwa na nzi?" bwana mnene akauliza. Wakacheka.

"Ila..." shemeji akaanza.

"Tumewasikia," mwenyekiti akasema, akafunga faili.

Wakatoka kushauriana. Waliporudi, mwenyekiti alikuwa anafuta machozi kwa kitambaa cha meza. Wakampa shemeji pensheni ya maisha, na msimamizi akafukuzwa kazi, akakimbia mjini kote na wavu wa chuma shingoni.

"Nani kafukuzwa?"

Mke wangu alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu, anasoma. Sijui ameanzia wapi.

"Msimamizi."

"Na yule aliyetuma mtu juzi kuuliza mdogo wangu anarudi lini, huyo ni nani?"

Nikafunika karatasi kwa kiganja.

"Na pensheni ya maisha?"

"Mke wangu, watu wanapenda kisa kiishe vizuri."

"Hata mimi napenda. Andika ilivyokuwa."

Ilivyokuwa ni kwamba hawakutoka nje kabisa. Waliinamiana palepale mezani, wakanong'ona. Wakasema shahidi haaminiki, ripoti ya daktari inabaki, arudi kazini. Shemeji akawashukuru mmoja mmoja. Huko nje nilingoja anitukane, nilikuwa tayari kabisa kutukanwa. Akasema, "Asante kwa kunisindikiza, shemeji. Umepoteza siku yako."

"Nimeandika," nikamwambia mke wangu.

"Haya, weka kalamu chini. Leo ndiyo anaanza. Watoto wameshaenda shule na mkewe yuko sokoni. Si uliiambia bodi unamvisha? Nenda ukamvishe. Na kesho utaenda, na kila siku ya kazi, mpaka mmoja wenu afe."

Nikaenda. Nilimkuta uani, shati la kazi liko wazi kifuani, ananingoja. Nikapiga magoti ili nianzie chini. Vifungo vya shati lile ni vidogo mno, na matundu yake yamebana. Cha kwanza kilinishinda. Cha pili nacho kikanishinda, na king'ora cha kiwanda cha kuingia kazini kikalia.