Makala Niliyoikalia

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na hakuna kinachonipandisha mori kama mtu kuchelewesha kazi ya mwenzake. Wanafunzi wangu wanalijua hilo. Ukiniletea sura ya tasnifu Jumatatu, Ijumaa unaichukua imejaa wino mwekundu. Haya ninayoyasimulia nimeyafanya mimi, si jirani yangu, na sitayapaka rangi.

Nafundisha mambo ya maji chuoni. Nilikuwa na mwanafunzi wa uzamivu ambaye maabara nzima ilimwita Madumu, kwa sababu ya swali alilokuwa akilifukuzia: kwa nini maji yanayotoka bombani yakiwa safi hukutwa na vijidudu yakishalala siku mbili kwenye dumu nyumbani? Alizunguka nyumba themanini, sanduku la barafu begani. Akapima vikombe, akapima mikono ya watu, akapima maji yenyewe asubuhi na jioni. Miezi minane ikakatika bila jibu. Vikombe vilikuwa safi kuliko alivyotarajia, na mikono leo ilisema hivi, kesho vile. Binti akakonda. Akaanza kuchelewa kuja maabara, yeye aliyekuwa akifika kabla ya mfagiaji.

Ndipo mhariri wa jarida moja akaniandikia. Kwa asiyeijua kazi yetu, makala ya kitaalamu haichapwi mpaka watu wawili watatu wa fani hiyo waisome kwanza na kusema inafaa au haifai. Jina la mwandishi hufutwa, na anayehakiki naye hatajwi. Unakabidhiwa jasho la mtu ambalo ulimwengu haujaliona, na kinacholilinda ni uaminifu wako tu. Mhariri aliuliza kama naweza kuihakiki makala hiyo kwa wiki tatu, na kama nina maslahi yoyote yanayogongana nayo. Nikajibu kwamba wiki tatu zinatosha na maslahi sina. Nilikuwa sijaifungua bado, kwa hiyo hapo sikudanganya.

Niliifungua baada ya chakula cha mchana. Nilipofika ukurasa wa nne nikarudi kuusoma tangu juu. Mwandishi, yeyote yule, alikuwa na swali la Madumu, na jibu alikuwa nalo. Alikuwa amepitisha pamba ndani ya mfuniko wa dumu, kwenye ile mikunjo ya kusokotea, akakuta vijidudu vimejazana humo. Watu husuuza dumu, lakini mfuniko hawausugui. Basi. Jambo dogo hivyo.

Nilichotakiwa kufanya ni kuandika mstari mmoja: samahani, mwanafunzi wangu anafanya kazi hiihii, mtafuteni mwingine. Nilijua. Nimewafundisha watu jambo hilo miaka kumi na tisa, tena kwa kugonga meza. Badala yake nikaifunga ile makala, nikajiambia nitaisoma vizuri kesho.

Siku mbili baadaye nikapita mlangoni mwa maabara na kumkuta Madumu ameviinamia visahani vyake vya kuoteshea vijidudu, mabega yamemshuka. Nikamwonea huruma, na huruma yenyewe ilikuwa ya kweli. Maneno yakanitoka.

"Mfuniko umewahi kuupima?"

Akainua kichwa. "Mfuniko, Mwalimu?"

"Ndani yake. Jaribu tu."

Nikaenda zangu. Njiani nikajiambia kwamba wazo hilo lingenijia lenyewe, leo au mwezi ujao. Labda lingenijia. Sitajua kamwe, kwa sababu sikujipa nafasi ya kujua.

Kuanzia siku ile makala ya mtu nikaikalia. Wiki ya nne mhariri alinikumbusha kwa upole, nikamwambia ni msimu wa mitihani. Wiki ya sita nikamwambia umeme unatusumbua. Wiki ya nane akaandika kwamba mwandishi ameulizia tena, maana mkataba wake wa kazi unaitegemea makala hiyo. Nikajibu kwamba naumwa mgongo. Mgongo ulikuwa unauma kweli, ila si wa kumzuia mtu kusoma kurasa kumi na nne.

Kumbe huku nyuma Madumu alikuwa ameota mbawa. Alirudi kwenye nyumba zile themanini, akapima mifuniko, akapata alichokipata mwenzake asiyemjua. Tuliandika yetu haraka haraka, tukaipeleka kwenye jarida jingine linalosifika kwa wepesi. Mimi ndiye niliyesisitiza wepesi. Wiki ya kumi na moja wakatuandikia kwamba imekubaliwa. Maabara ilipiga makofi, na mimi nikapiga pamoja nao.

Jumatano ya wiki hiyohiyo Madumu akaniletea tasnifu yake nzima niitie saini. Nikaanza na ukurasa wa shukrani, kama nifanyavyo siku zote, kwa umbeya tu. Aliwashukuru wazazi, akawashukuru watu wa nyumba themanini, kisha akaandika: "Namshukuru msimamizi wangu, ambaye siku moja, akiwa amesimama mlangoni tu, aliniuliza swali lililoiokoa kazi yangu."

Niliisoma sentensi ile nikaona aibu. Nikaweka kalamu chini, nikafunga ofisi.

Sikwenda nyumbani, nilikwenda kwa kaka yangu. Kaka ni fundi cherehani, na alikuwa na gauni langu mwezi wa pili sasa. Nilimkuta na pini mdomoni, futi shingoni. Nikakaa kwenye kibao cha wateja, nikamweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho huku akikata kola.

"Sasa tatizo liko wapi?" akauliza, akizitoa zile pini. "Si umesema majina yamefutwa? Nani atajua?"

"Mimi najua, Kaka."

"Wewe si utajinyamazia." Akacheka. "Dada yangu, hata sisi mafundi tunaibiana mishono kila siku. Mteja ananiletea picha, na kabla sijamshonea yeye nishamshonea wifi yako. Kuna aliyekufa?"

Mwanamke mmoja akachungulia mlangoni. "Fundi, nguo yangu vipi?"

"Kesho, mama! Imebaki vifungo tu."

Mwanamke akashukuru, akaondoka. Kitambaa chake nilikuwa nakiona pale rafuni, kimekunjwa vilevile alivyokileta, mkasi haujakigusa. Kaka akanikonyeza. Ananipenda sana kaka yangu, na siku ile alinitetea kwa moyo wake wote. Nilimtazama nikawa kama nazisikia barua zangu kwa mhariri zikisomwa kwa sauti.

Kesho yake nilimwita Madumu ofisini, nikafunga mlango. Nilimwambia nikiwa nimesimama, maana nilihofia nikikaa nitaanza kuzunguka mbuyu. Nikamwambia kuhusu makala ile, ukurasa wa nne, pale mlangoni, na zile barua za mitihani na umeme na mgongo. Hakunikatiza. Nilipomaliza alikuwa ameangalia mikono yake.

"Kwa hiyo ile siku ulikuwa umeshaisoma," akasema.

"Nilikuwa nimeshaisoma."

"Nilimpigia mama jioni ile ile. Nikamwambia mwalimu wangu ana akili, hata hajui."

Akaacha kuitazama mikono yake, akaniinulia macho.

"Na mwenye makala?"

"Simjui. Mkataba wake wa kazi ulikuwa unaitegemea."

"Bado yuko kazini?"

"Sijui, mwanangu."

Alivuta pumzi. "Tunafanyaje?"

"Yetu tunaiondoa kabla haijachapwa. Ya kwake itoke kwanza. Vikombe na mikono ni kazi yako halali, hakuna wa kukunyang'anya, lakini sura ya mfuniko itabidi uiandike upya na kumtaja yeye kuwa wa kwanza. Tutachelewa kama mwaka mmoja."

"Nitachelewa," akasema. "Wewe una kazi yako, Mwalimu. Anayechelewa ni mimi."

Alisema kweli. Nikageukia kompyuta. Barua ya kumpelekea mhariri nilikuwa nimeiandika tangu alfajiri, pamoja na uhakiki wenyewe, na nilijiona nimejitahidi. Nikamwambia aje aisome kabla sijaituma. Akaja upande wangu wa meza, akaisoma bila kukaa, kidole kikifuata mistari kwenye kioo. Kikasimama.

"Futa hapa."

Palikuwa pameandikwa: kwa bahati mbaya nilichelewa.

Nikafuta. Nikaandika: nilichelewesha kwa makusudi, ili kazi ya mwanafunzi wangu itangulie, na yeye hakujua.

Akasoma tena, polepole. "Na mfuniko?"

"Nini?"

"Umesema ulichelewesha. Hujasema wazo ulilitoa wapi."

Kweli sikuwa nimesema. Asubuhi nzima nilidhani naungama, kumbe nilikuwa nimechagua dhambi ile nyepesi. Nikaongeza sentensi nyingine, ngumu kuliko zote. Alipoimaliza akatikisa kichwa kukubali, nikatuma, na ile ya kuiondoa yetu nikaituma kwa lile jarida jingine. Akachukua tasnifu yake mezani, akaniaga kwa adabu kama siku zote, akatoka.

Mhariri alijibu baada ya siku nne. Barua yake ilikuwa fupi na baridi: makala ya yule mwandishi itachapwa mara moja, naye ataandikiwa kuelezwa sababu ya kucheleweshwa. Jina langu limeondolewa kwenye orodha ya wahakiki, na mkuu wangu wa idara atapata nakala.

Jumatatu iliyofuata nilikuta fomu mezani kwangu. Ni fomu ya kuomba kubadilishiwa msimamizi, na haiendi popote bila saini ya msimamizi anayeachwa. Madumu alikuwa ameijaza kwa ule mwandiko wake safi wa maabara: jina, namba ya usajili, mwaka, jina la msimamizi mpya. Mahali pa kuandika sababu alikuwa amepaacha wazi. Sikumwita kumuuliza. Nilichukua kalamu nikapajaza mwenyewe, mistari yote mitatu, kisha nikatia saini.