Karatasi Thelathini za Msiba

Katika mji wa Vranovo hakuna anayekufa kimyakimya. Ukishafumba macho tu, Metodi Karaslavov ameshachapa karatasi yako: mpaka mweusi pembeni, msalaba juu, picha yako ya enzi ulipokuwa na nywele, jina, miaka, na chini kabisa saa ya mazishi. Jamaa zako wanaibandika mlangoni kwako, kwenye nguzo za umeme, kituo cha basi, ukutani kwa duka la mikate. Siku ya arobaini wanabandika nyingine. Mwaka ukitimia, nyingine. Mtu wa Vranovo akitoka nyumbani asubuhi husoma nguzo kwanza, ndipo aangalie mawingu.

Kwa hiyo Metodi alikuwa amekizoea kifo kama mwokaji alivyouzoea unga. Alichokuwa hajakizoea ni hofu.

Mambo yalianza kwa mzaha. Ilikuwa Jumapili ya Aprili, siku moja baada ya Strugar, timu ya mpira ya mji, kuchapwa nne bila palepale nyumbani. Watu watatu walikaa mbele ya duka la Metodi, mkabala na geti la uwanja, wakibangua mbegu za alizeti. Alikuwapo Spas, dereva wa teksi, ambaye mshahara wake ulikuwa na njia mbili tu, petroli na kubeti. Alikuwapo Todorka, mjane aliyeuza tiketi pale getini tangu siku ambazo kiwanda kilichoizaa timu kilikuwa bado kinatoa moshi. Wa tatu alikuwa Metodi mwenyewe. Miaka thelathini na moja hakuwa amekosa mechi hata moja ya nyumbani.

"Ile mechi imeuzwa," Spas alisema.

"Wewe kila mkeka wako wa kubeti ukichanika, mechi imeuzwa," Todorka akamjibu.

"Nisikilize, mama. Ijumaa nimepita duka la kubeti. Magoli matatu kipindi cha pili, odi ilikuwa sita, weka moja upate sita. Jumamosi asubuhi imeshuka mpaka mbili. Saa nne wameifunga, hawapokei tena. Sasa niambie, kuna mtu gani huko Asia anaamka, anapiga mswaki, halafu anaweka pesa zake kwa Strugar ya Vranovo? Mke wangu mwenyewe hajui tunacheza na nani."

"Mke wako hajui hata wewe unalala wapi."

"Na tatu zikaingia. Dakika kumi na tano za mwisho, tatu."

"Mabeki wetu ni wazee, Spas. Ikifika dakika ya sabini na tano wanatafuta pa kukaa."

"Haya, na kipa je?"

Todorka akamtazama Metodi kwa pembeni, maana kipa wa Strugar, Yavor Stamenov, alikuwa mume wa Ralitsa, binti pekee wa Metodi, na Ralitsa alikuwa na mimba ya miezi saba.

"Mkwe wangu ana mikono mibovu," Metodi akasema. "Si mwizi. Angekuwa mwizi asingekuwa anaendesha gari langu."

Wakacheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Wachezaji walikuwa hawajalipwa miezi mitano. Timu ilikuwa mkiani, na bomba la maji la chumba cha kubadilishia nguo lilikuwa limepasuka tangu Krismasi.

"Hii timu ilishakufa zamani," Todorka akasema. "Hakuna aliyetangaza tu."

Metodi akageuka kuitazama printa yake. Dakika kumi baadaye karatasi ilikuwa tayari. Penye picha ya marehemu aliweka nembo ya Strugar. Todorka alitunga maneno: baada ya kuugua muda mrefu, na kuhudumiwa vibaya na wenye mali. Lakini karatasi ya msiba bila siku na saa ya mazishi si karatasi ya msiba, na Metodi hakuwahi kutoa kazi pungufu. Kwa hiyo akachukua saa ya mechi ijayo, akaandika: mazishi ni Jumamosi saa kumi na moja jioni, uwanjani. Spas akachungulia begani kwake. "Ongeza hapo: wafiwa wasilete maua, magoli matatu yanatosha." Metodi akaongeza.

Wakaibandika kwenye nguzo, na mji ukacheka siku mbili.

Jumatano saa sita mchana akaingia mtu. Alikuwa na umri wa miaka arobaini hivi, koti safi, na kabla ya kuvuka kizingiti alijifuta viatu vizuri. Gari lake la kijivu alikuwa ameliacha mbele ya mlango. Sauti yake ilikuwa ya chini, kama ya watu wa benki wanapokwambia mkopo umekataliwa.

"Ile karatasi ya timu, umechapa wewe?"

"Mimi."

"Kazi nzuri. Nani alikwambia ni tatu?"

"Hakuna. Ilikuwa mzaha."

"Mzaha," yule mtu akasema polepole, kama anayeonja supu. Akatoa picha, akainama na kuiweka juu ya kaunta taratibu. Ilikuwa ya Yavor, amevaa glavu zake, anacheka. "Nataka karatasi thelathini. Amezaliwa tisini na tano. Tarehe ya kufa uiache wazi."

Metodi aliitazama picha, kisha akamtazama yule mtu.

"Mji mzima umesoma namba yako, fundi. Ila wanaobeti huko mbali hawasomi nguzo za Vranovo. Kwa hiyo tatu bado ni tatu. Nitapita Jumamosi baada ya mechi. Zikiingia tatu, umezichapa bure, tunasahau. Zisipoingia, utajaza tarehe." Akaweka noti juu ya kaunta, akazinyoosha kwa kidole. "Nasikia unapata mjukuu Juni. Hongera."

Gari lilipoondoka, Metodi alitaka kukaa, akakuta tayari amekaa. Alipopata miguu alivuka barabara kwenda uwanjani. Yavor alikuwa peke yake nyuma ya goli, anaokota mipira.

"Nani aliyekuja dukani kwangu?" Metodi akamuuliza.

Yavor hakuuliza mtu gani. Aliweka mipira chini, mmoja mmoja. "Ile mechi ya nne bila niliiuza mimi, baba. Zile tatu za mwisho. Miezi mitano hatujalipwa, na mtoto anakuja. Nikasema mara moja tu."

"Na hii ya Jumamosi?"

"Hii nimekataa. Jumatatu niliwaambia sitaki tena. Walicheka. Jumanne wakaja kuniuliza mbona mji mzima unajua ni tatu. Wanadhani nimesema. Sijamwambia mtu, baba, naapa kwa mtoto. Sijui imevujaje."

"Haikuvuja. Ni mzaha wa Spas. Nimeichapa mimi."

Upande wa pili wa uwanja mzee mmoja alikuwa anakata nyasi, na mashine yake ilikuwa inakohoa.

"Twende polisi," Metodi akasema.

"Polisi gani? Aliyenitambulisha kwa huyo mtu ni polisi."

"Basi fungwa tatu." Metodi hakuamini kuwa ni mdomo wake unaosema. "Jumamosi fungwa tatu, yaishe."

"Hayaishi. Hata ile ya nne bila ilikuwa iwe ya mwisho."

Alhamisi na Ijumaa Metodi aliishi kwa masikio. Kila gari lililopunguza mwendo mbele ya duka lilimwinua kwenye kiti. Alimwomba Ralitsa aende kwa shangazi yake, mjini Sofia. Ralitsa akamuuliza kama amekunywa. Kwenye kioo cha kompyuta ile karatasi ilikaa wazi: Yavor anacheka ndani ya mpaka mweusi, mwaka wa kuzaliwa, kistari, halafu nafasi tupu. Hakuweza kuifuta. Aliona akiifuta atakuwa amesema jambo fulani kwa sauti, na mtu atasikia.

Ijumaa alasiri, akiwa amekaa vivyo hivyo, jicho lake lilipanda juu ya kabati. Pale kulikuwa na kamera ndogo aliyoifunga mwaka uliopita baada ya mtu kumwibia wino. Akarudisha picha za Jumatano. Saa sita na dakika nne mtu wa koti safi aliinama juu ya kaunta kuweka picha ya Yavor, na alipoinuka alitazama juu moja kwa moja. Sura yake yote ilikuwamo, hadi kovu dogo kidevuni.

Metodi akaitazama muda mrefu. Mtu wa namna ile, akawaza, kazi yake inawezekana kwa sababu hakuna anayemjua. Anaingia, anajifuta viatu, anatoka. Gazeti halitamwandika, na polisi ni wake. Lakini kuna kitu kimoja ambacho Vranovo nzima husoma, kuanzia meya hadi mlevi, na kukibandika hakuhitaji ruhusa ya mtu.

Jumamosi saa kumi na nusu Todorka alimwona anapita getini na ndoo ya gundi na brashi. "We Metodi, unaenda wapi? Spas ameshakukalia kiti."

"Nina kazi."

"Leo? Nani amekufa?"

Metodi alianzia mtaa wa duka la kubeti, karatasi thelathini kwapani. Mji ulikuwa mtupu, mapazia yamefungwa, paka wamelala juu ya magari. Alipaka gundi, akabandika, akasawazisha kwa kiganja, akaenda nguzo nyingine. Huku nyuma uwanja ulikuwa unanguruma, na Metodi hakuhitaji macho. Strugar wakifunga, ngoma inalia. Wakifungwa, kwanza kuna kimya, halafu kelele za wageni kwa mbali, kama watu wanaocheka katika nyumba ya jirani.

Kimya cha kwanza kilikuja akiwa kituo cha basi. Moja.

Cha pili kilikuja baada ya mapumziko, akiwa mbele ya kanisa. Mbili. Alijiambia kijana ameamua kutii. Dakika zikapita. Alipofika kwenye duka la mikate alijikuta amesimama, paji la uso limeegemea nguzo, anaongea peke yake.

"Ingia," alisema. "Mungu wangu, ingia tu hiyo moja. Ingia."

Miaka thelathini na moja ya kuishangilia Strugar, na sasa alikuwa anaomba hivyo.

Filimbi ikalia, ndefu. Halafu kimya, lakini si kimya cha goli. Kilikuwa cha watu wanaobana pumzi. Penalti. Metodi akafumba macho. Kisha uwanja ukalipuka, ngoma ikapigwa kama ya harusi, na jina la mkwe wake likapaa juu ya mapaa ya nyumba: Yavor, Yavor, Yavor. Amedaka.

Mkononi zilikuwa zimebaki karatasi sita, akazibandika zote, na ya mwisho akaibandika kwenye mlango wa duka lake.

Walitoka uwanjani wakiimba, ingawa wamefungwa mbili. Kwa mazoea wakasoma nguzo. Na wimbo ukafa, nguzo baada ya nguzo, ukishuka barabara nzima. Karatasi ilikuwa na mpaka mweusi kama zote, bila msalaba. Picha ilikuwa ya mtu wa koti safi. Chini yake Metodi alikuwa ameandika:

"Mtu huyu ni mzima. Jumatano saa sita mchana aliagiza karatasi ya msiba ya kipa wetu Yavor Stamenov, ambaye ni mzima pia. Tarehe ya kifo ameiacha wazi. Lolote likimpata Yavor, mkewe, au mchapaji, sura mnaijua. Karatasi hii itabandikwa tena siku ya arobaini, na tena mwaka ukitimia."

Gari la kijivu lilikuwa limeshasimama mbele ya duka. Yule mtu alishuka, akajifuta viatu, akainua macho, akakutana na uso wake mwenyewe mlangoni. Aliisoma yote bila haraka. Nyuma yake watu walikuwa wanajaa. Vichwa viligeuka kutoka kwenye nguzo kuja kwake, kisha vikarudi kwenye nguzo.

"Ndiye," Todorka akasema, akatema ganda la alizeti.

Spas alileta teksi yake, akaiegesha nyuma ya lile gari, karibu kabisa, akazima injini. Hakuna aliyemgusa mtu. Walimtazama tu, kama wanavyotazama karatasi mpya, wakikariri.

Yule mtu akaibandua ile ya mlangoni, gundi bado mbichi, akaikunja mara nne na kuitia ndani ya koti.

"Siku arobaini ni nyingi, fundi," akamwambia Metodi, kwa sauti ileile ya benki. Akangoja mpaka Spas, baada ya muda mrefu, alipoisogeza teksi.

Jumapili Metodi alitoka kulipokucha. Nguzo ya kwanza ilikuwa tupu, na ya pili, na ya tatu. Kituo cha basi kilikuwa kitupu. Alikimbia mpaka kwenye duka la mikate, mzee wa miaka sitini na mbili mwenye ndala miguuni. Ukuta mtupu, alama ya gundi tu. Wamezing'oa zote, akawaza. Wamepita usiku wakazing'oa zote, sasa watakuja kwetu. Akageuka kukimbilia kwa Ralitsa, na hapo ndipo alipoinua macho.

Dirishani kwa Todorka, kwa ndani ya kioo, mahali ambapo hakuna mkono wa barabarani unaofika, uso wa mtu wa koti safi ulikuwa unamtazama. Dirisha la jirani yake, vilevile. Kwa mwokaji mikate, vilevile. Kwenye kioo cha nyuma cha teksi ya Spas ilikuwapo nyingine, imebandikwa vibaya, kichwa chini.

Alizunguka mji mzima polepole, akihesabu madirisha. Mbele ya nyumba ya Yavor na Ralitsa alisimama mpaka alipomsikia binti yake anakohoa jikoni na kuwasha maji ya kahawa. Dirishani kwao ilikuwapo moja, ya ishirini na tisa.

Ya thelathini alijua iliko.