Bwana Harusi kwa Shilingi Tano

Nakala arubaini zilikwisha kwa siku tisa, na Batuli binti Mwalimu Abdurahman alikuwa hakai kitako kwa furaha. Nakala arubaini, bwana, za hadithi aliyoitunga mwenyewe, akamlipa karani ampigie taipu, zikatolewa kwenye mashine ya stensili ya kuzungusha kwa mkono, akazibana pini uani kwake hapa Malindi. Kila moja shilingi ishirini. Na mwaka ule wa themanini na nne shilingi ishirini ilikuwa pesa, si mchezo.

“Hata mmoja hakuomba kupunguziwa,” alimwambia Farjallah, mwenye duka la vitabu.

Watu wa mji huu, wanaopatana bei hata ya kiberiti! Batuli alitakiwa ashtuke papo hapo. Hakushtuka, furaha ilishampanda kichwani. Alivaa buibui mbiombio akaenda kwa shoga yake Zuleikha kumuuliza ni wapi alipocheka zaidi.

“Kwani kinachekesha?” Zuleikha akauliza. Akaonyesha juu ya rafu, kando ya msahafu. Kitabu kilikuwa kimefungwa kitambaa cha kijani na kufukizwa udi. “Sijakigusa, dada. Huyu mtoto ananikojolea kutwa, udhu nitakaa nao saa ngapi?”

Batuli akakitazama kitabu chake kule juu, akaelewa. Baba yake, aliyesomesha Kurani chuoni miaka thelathini, alimfunza asianze jambo bila Bismillahi. Basi naye akaiandika kwenye jalada kwa herufi za Kiarabu, kubwa, za kupendeza, mkono wake wote kautia hapo. Jina la hadithi, *Bwana Harusi Katoroka*, likabanwa chini kwa vijiherufi vya taipu. Farjallah akakipanga pamoja na vitabu vya Yasini. Nani angepatana bei ya kitabu kama hicho? Na nani angelala nacho kitandani akakisoma huku anatafuna korosho?

Alizunguka nyumba sita siku ile. Kote kimewekwa juu, kote anaombewa dua kwa kazi yake njema. Hakuna aliyefungua ukurasa wa kwanza. Mwaka mzima ameandika kwa mwanga wa kandili, na mji mzima haujui kwamba bwana harusi alitoroka kupitia dirisha la choo. Ilimuuma, msifikiri haikumuuma.

Kesho yake akamwendea Farjallah. “Natoa vingine. Jalada jipya, jina kubwa. Bismillahi nitaisoma kwa mdomo. Na bei shilingi tano.”

“Umerogwa?” Farjallah akavua miwani. “Cha ishirini kinakwenda chenyewe. Cha tano watasema takataka, na faida yake haikununulii hata sabuni.”

“Cha ishirini hakisomwi, Mzee wangu.”

“Kinanunuliwa, mwanangu. Wataka nini tena?”

Batuli alijua anachotaka. Fedha zote za vile arubaini akazitia kwenye karatasi na wino, zikatoka nakala mia. Safari hii watu walipatana bei, tena bila haya. Wakasema karatasi nyepesi, pini zina kutu, wengine wakatoa shilingi tatu na kuondoka navyo. Wiki mbili zikapita, hakuna neno. Batuli akawa anajiuliza kama hakujitia hasara kwa kiburi chake.

Ndipo ikabishwa hodi asubuhi moja, ya mtu mwenye hasira. Alikuwa mama mmoja asiyemjua, Kanze, muuza nazi wa mtaa wa Kisumu Ndogo, mkononi kashika kitabu kilicholowa mafuta, kimekunjwakunjwa, jalada limekatika.

“Ni wewe ulotunga hiki?”

“Ni mimi, mama. Karibu.”

“Kazi gani hii? Ukurasa wa mwisho wino umefifia, sioni kitu. Tumekisoma nyumba nne, tumegombana tangu jana.”

“Samahani sana. Ngoja nikurudishie shilingi zako tano.”

“Pesa nimekuuliza mimi?” Kanze akavua ndara, akaingia, akakaa kwenye mkeka bila kukaribishwa mara ya pili. “Niambie, yule mwanamume alirudi au hakurudi?”

Batuli akakaa naye mkekani amjibu, huku analia na kucheka kwa pamoja.