Nikumbushe Baadaye

Mume wangu, Mwalimu Karugendo, hachukii kitu duniani kama panga chafu. Tangu astaafu na kuchaguliwa mwenyekiti wa kamati ya mnyauko wa migomba hapa Nyanga, anatembea na kiberiti mfukoni. Akikukuta unapogoa migomba hakusalimii kwanza. Anauliza, "Umelipitisha motoni?" Usipokuwa na jibu, utapewa somo la asubuhi nzima kuhusu jinsi ugonjwa unavyohamishwa shina hadi shina na panga la mvivu.

Nasema haya ili mjue kompyuta ile ilikuwa mikononi mwa mtu wa namna gani.

Mwanetu Mugisha aliileta kutoka Mwanza, akaiweka kwa Kiswahili, akamfundisha baba yake kuandika na kuchapa. Mimi niliifumia kitambaa. Alipoondoka alituachia agizo moja tu: ikiomba kusasishwa, ikubalieni, na kivinjari nacho, kile cha kuingilia mtandaoni, kisasisheni, maana wezi hupitia humo. Basi kila jioni baada ya rozari ujumbe ulikuja kwamba kuna sasisho jipya. Mwalimu akabonyeza "Nikumbushe baadaye". Kesho yake ikamkumbusha, naye akabonyeza palepale.

"Mzima hanyweshwi dawa," alinijibu nilipouliza. "Halafu, Georgina, mashine haiwezi kunipangia mimi. Nimefundisha watu mpaka wakawa maaskofu."

Askofu hata mmoja hayumo. Yupo katekista wa Rubafu.

Alichokuwa akiandika humo ni kitabu cha ukoo. Kilikuwa kisomwe kwenye mkutano wa ukoo kule Rubya, Muleba, mara baada ya Pasaka, na mume wangu aliingoja siku hiyo kuliko alivyongoja kustaafu. Miaka yote ni binamu yake Byarugaba anayesimama mbele kueleza nani alimzaa nani, tena kwa makosa. Safari hii Byarugaba angekaa chini asikilize. Kwa hiyo nakala haikutoka nyumbani. Mugisha aliomba atumiwe aihifadhi, akaambiwa Byarugaba ana masikio mpaka Mwanza.

Msikilizaji pekee nilikuwa mimi. Kila ukurasa alinisomea, akiurekebisha ananisomea tena, nami namenya ndizi: Rugemalira akamzaa Kagaruki, Kagaruki akamzaa Kahangwa, na hesabu ya ng'ombe wa kila mmoja. Wanaume watupu. Ungedhani ukoo ule ulichipua wenyewe kama migomba.

Sasa Edvina. Huyu ni jirani yetu, mjane, katibu wa jumuiya yetu ndogo ndogo. Mwaka jana shina moja lilinyauka kwenye kibanja chake, shamba la migomba la nyumbani, mgomba wa nshakara uliopandwa na mama mkwe wake. Alimwomba Mwalimu amwachie walau chipukizi moja lililoonekana zima. Mwalimu alimjibu mbele ya kamati yote: "Ukiacha chipukizi kwa huruma, umekiua kibanja." Likang'olewa lote. Edvina alilia, na mimi niliona aibu kumtazama usoni.

Kwaresima hii alikuja kwetu kuchapa ratiba ya Njia ya Msalaba. Alipomaliza akaipeleka flashi yake ofisi ya parokia ikatolewe nakala, na kabla jua halijafika utosini alikuwa amerudi, anahema.

"Mwalimu waitu, kompyuta ya parokia imeikataa flashi yangu. Imeandika maneno mekundu. Annastella anasema ina ugonjwa. Na mimi sijaiingiza popote ila hapa kwako."

Annastella ni binti anayetengeneza kompyuta za parokia. Mwalimu alicheka kicheko chake cha darasani.

"Yangu ni nzima kabisa. Njoo uone kwa macho yako."

Akafunua kitambaa, akabonyeza kitabu cha ukoo. Hakikufunguka. Akabonyeza tena. Mafaili yote yalikuwa yamebadilika majina, kila moja limeota mkia wa herufi zisizosomeka kwa Kihaya wala kwa Kizungu. Mume wangu akaacha kucheka. Nilimhurumia, nasema kweli, maana nilijua kilichokuwa humo.

Annastella aliitwa. Hakuchukua muda.

"Mwalimu, hii haijasasishwa tangu inunuliwe. Hata kivinjari ni kilekile. Wameingia kwa mlango ulio wazi, wamefunga kila kitu, na ufunguo wanao wao. Ya parokia inasasishwa, ndiyo maana imeukataa huu ugonjwa. Hapa dawa ni kufuta yote na kuanza upya."

"Futa mengine," Mwalimu alisema. "Kitabu kiache, mwanangu. Hicho kimoja tu. Labda siku moja kitafunguka."

Edvina alikuwa akitafuna buni za kahawa nilizomkaribisha. Hakupandisha sauti.

"Ukiacha chipukizi kwa huruma, Mwalimu," alisema, akaishia hapo.

Mwalimu alitoa kiberiti mfukoni, akakigeuzageuza, akakirudisha.

"Futa," alisema.

Baada ya hapo panga la mtu halikukaguliwa tena. Chakula alikigusagusa tu. Kompyuta ikawa inasasishwa kila ikiomba, hata ikiwa haijaomba anaiuliza, lakini ndani yake hamkuwa na kitu cha kulinda. Pasaka inakaribia, na Byarugaba keshapiga simu kuuliza kitabu kimefikia wapi.

Jioni moja Mwalimu akaja jikoni, mahali asipoingia.

"Georgina, wewe uliyasikia yote."

"Niliyasikia mpaka nikayaota."

"Unaweza kunitajia niandike?"

Nikamwambia akalete kompyuta. Akaiweka juu ya stuli, akakunja mikono ya shati. Nikaanza na Kokushubira, mke wa Rugemalira, ambaye mama mkwe alinisimulia habari zake jikoni humuhumu: ndiye aliyeutwaa mgomba wa kwanza kwao akaja nao kichwani, wakati Rugemalira bado analala kwa shemeji yake.

Vidole vya Mwalimu vikasimama.

"Huyo hakuwemo."

"Kwenye lile la zamani hakuwemo."

"Na ng'ombe wa Rugemalira? Georgina, tulianza na ng'ombe!"

Nikachukua ndizi nyingine, nikaanza kuimenya.

"Nikumbushe baadaye," nikamwambia. "Andika: Kokushubira."