Makreti ya Raphaeli

Mwanajuma, jirani wa ukuta kwa ukuta, alisema ameyaona kwa macho yake. Kwamba Devotha alipokwenda kuteka maji, shemeji yake Ngeleja alifika na bodaboda mbili, akayafunga makreti yote ya soda kwa mipira, akaondoka bila hata kupiga hodi.

"Nikamuuliza, baba, unapeleka wapi vitu vya mjane? Akanambia nikachunge chungu changu. Mimi, Devo! Nikachunge chungu!"

Devotha alimsikiliza mpaka mwisho, akatua ndoo, akaingia dukani. Pembeni palibaki miraba tu juu ya sakafu yenye vumbi. Hakulia. Tangu amzike mumewe, Raphaeli, kulia ilikuwa kazi ya watu wengine.

Makreti yalikuwa matupu, na hapo ndipo palipokuwa na hasara. Wakala wa soda Mlandizi hampi mtu kreti lililojaa mpaka alete tupu, chupa zote zimo, hakuna iliyomeguka mdomo. Asiye na tupu huweka kwanza dhamana ya kreti na chupa zake, hela inayoizidi soda yenyewe. Siku ukiacha biashara unarudisha matupu, nawe unarudishiwa dhamana yako. Raphaeli aliiweka yake kidogo kidogo, kwa miaka. Bila matupu yale, duka lilikuwa limebaki na viberiti na chumvi.

Baada ya matanga ukoo ulikuwa umegawana pikipiki, godoro na redio. Walipofika kwenye makreti, mzee mmoja akasema, "Hizo chupa mwachieni mama, atafugia mende." Watu wakacheka, Ngeleja naye akacheka. Devotha alijua thamani yake. Akainamisha kichwa, akanyamaza.

Kesho yake baada ya makreti kuchukuliwa, Devotha alishuka kijijini Masaki, akamkuta Ngeleja kwenye kibanda kipya. Makreti yalikuwa yamepangwa, yamejaa, na wapakiaji wa mkaa wanakunywa.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba. Jua lote hili? Kaa unywe soda."

"Nimefuata makreti."

"Makreti gani? Yale ya mende?" Wapakiaji wakaangua kicheko. Ngeleja akaegemea meza. "Hebu nikuulize, shemeji. Yangekuwa mali, si ungeyataja kwenye kikao? Na kama si mali, unadai nini?"

Devotha aliitazama mikono yake kama ya mtu mwingine.

"Soda uza," akasema taratibu. "Na faida yake kula. Zikiisha, naomba unirudishie matupu tu. Ndilo duka langu hilo, shemeji, sina lingine."

Ngeleja akachukua kifungulio, akafungua chupa, akaipangusa mdomo kwa kiganja na kumpa mteja aliyekuwa amesimama nyuma ya Devotha.

"Nywea hapa hapa, kaka," akamwambia. "Chupa usiondoke nayo."