Mtoto wa Joisi

Simu ya Anjela ilimkuta mama yake, Verediana, nyuma ya nyumba kule Kilolo akimenya viazi, na kosa lote lilianza pale alipoiweka kwenye sikio la kulia. Sikio la kulia lilishastaafu. La kushoto ndo lilikuwa bado kazini, ila mkono wa kushoto ulikuwa umeshika kiazi, na Verediana hakuwa mtu wa kukubali kwamba masikio yake yanafanya kazi kwa zamu. Kwa maelezo yake, masikio hayana shida. Watu wa siku hizi ndo wanaongea kama wanatafuna.

"Mama, kamwene! Baba alinikataza nisikwambie, ila mimi siwezi kukaa nalo," Anjela alisema kutoka Mbeya. "Amekutwa na mtoto wa jicho."

"Wa nani?"

"Wa jicho!"

"Wa Joisi?"

Nyumba ya Anjela iko Iyunga, pembeni ya barabara kuu, na lori likapita hapohapo na honi yake. "Eeh, mama, hivyohivyo," Anjela akajibu kitu ambacho hakukisikia. "Daktari anasema ameshakomaa. Inaonekana alianza zamani sana, baba alikuwa anaficha tu."

Kiazi kikamponyoka mkononi.

"Yuko wapi?"

"Kulia, mama."

Verediana akasikia analia. Mtu ameshakomaa, bado analia! Huyo kweli kachukua kwa baba yake.

"Na mwingine ndo anaanza," Anjela akaendelea.

"Mwingine!"

"Mdogo huyo, hana neno. Huyu mkubwa ndo inabidi atoke, baba hataki. Eti ameshamzoea."

Simu yake ya kitochi ikaisha chaji.

Mwanamke mwingine angepiga yowe mpaka kanisani wasikie. Verediana alikaa juu ya kindoo chake, akajikuta anajiuliza: anafananaje? Ana masikio ya mume wake Kalinga, yale yaliyosimama kama milango ya gari iliyoachwa wazi?

Joisi alimjua kwa jina. Zamani Kalinga alikuwa akishuka Ruaha Mbuyuni kufuata vitunguu, na muuzaji wake alikuwa Joisi. Alikuwa akirudi anacheka peke yake. "Yule mama ana maneno!" Maneno gani, hakuwahi kusema.

Sasa kila kitu kikapata maana. Mwaka huu wote Kalinga alikuwa haeleweki. Alitia chumvi kwenye chai. Alipitiliza nyumba yake mwenyewe akaenda kubisha hodi kwa jirani. Jumapili moja alilivulia kofia simtanki jeusi la maji la kanisani, akidhani ni mchungaji kwenye joho lake, akaliuliza na hali ya watoto. Kijiji kizima kilicheka, na yeye akacheka nao: "Angalau lenyewe limenisikiliza mpaka mwisho." Verediana alidhani ni macho. Kumbe siyo macho, ni mawazo! Na hii safari ya Mbeya ya "kwenda kumsalimia Anjela" ndo hiyo.

Asubuhi akapanda basi. Mtoto hakumtia hasira sana, mtoto hajajileta. Alichotaka kujua ni kimoja tu: miaka yote ile kitandani kwake alikuwa analala na mume gani.

Njia nzima alikagua masikio ya vijana. Makambako basi liliposimama, kijana mmoja akainua mahindi ya kuchemsha mpaka dirishani, na masikio yake, jamani, yalikuwa yamesimama vilevile. Verediana akamshika moja.

"Baba yako nani?"

"Mzee Sanga. Bibi, unanunua mahindi au unanunua sikio?"

Akanunua mahindi.

Alipofika Iyunga, Kalinga alikuwa anaota jua kibarazani. Anjela alikuwa kazini. Mzee aliona kitu kirefu cheusi kinakuja getini, akasimama haraka, akavua kofia.

"Karibu, mchungaji."

"Dhambi zimekuzidi mpaka mimi unaniona mchungaji?"

"He! Mama Anjela?" Kalinga akarudi kukaa. "Umefuata nini huku?"

"Mtoto yuko wapi?"

Mzee akaipapasa kofia yake, akaizungusha mara mbili. "Anjela kasema."

"Kasema. Kakomaa na bado analia. Na mwingine anaanza."

"Nilitaka nikwambie mwenyewe. Nikaona haya. Nikasema, uzee huu, mke wangu atanicheka."

"Nikucheke! Mimi nataka nimwone."

"Hilo tu? Sogea basi. Simama hapa kwenye mwanga."

Verediana akachungulia mlango nyuma ya mumewe. "Yuko ndani?"

"Ndani kabisa." Kalinga akakodoa jicho la kulia, akavuta kope la chini kwa kidole. "Haya, huyo hapo. Mweupe, eti?"

Verediana akainama. Pua zao zilikaribia kugusana, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu sijui lini. Pale katikati, palipokuwa panang'aa ujanani mpaka akasahau nyimbo za kwaya, palikuwa na kitu kama tone la maziwa limeanguka kwenye chai nyeusi. Akageuza kichwa huku, akageuza kule. Kikamvutia. Akalipuliza jicho kidogo, kama linaweza kupoa.

"Hapa kuna ukungu tu."

"Ndo mtoto wa jicho huyo."

"Wa Joisi?"

"Jicho!" Kalinga akamgeuza kichwa, akamwingizia neno kwenye sikio la kushoto. "Ji-cho! Hili la kuonea!"

Halafu mzee akaanza kutikisika mabega.

"Yaani umetoka Kilolo na mabegi kuja kumwona mtoto wa Joisi wa vitunguu?"

"Wa vitunguu?" Verediana akajinyoosha. "Nani kataja vitunguu hapa? Umemjuaje upesi hivyo ni Joisi gani?"

"Kwa sababu ni mmoja tu uliyewahi kuniuliza! Kila nikishuka kwenye gari: Joisi hajambo? Joisi kavaa nini leo? Hata mumewe mwenyewe hamuulizii hivyo."

"Na lile cheko la njiani?"

"Alikuwa anatutukana sisi Wahehe, mtani wangu yule. Anasema mbwa wa Iringa wanatembea wawiliwawili kwa kuogopa kuliwa na wenyeji. Sasa ningekwambia, ungecheka?"

Verediana hakutaka kucheka, ila tumbo lilishaanza bila yeye. Wakacheka mpaka kikohozi cha mzee kikaamka. Goti la Verediana likalia kama kuni inayopasuka alipokaa, wakalichekea na hilo.

"Mbona hutaki atolewe?" akauliza baadaye.

Kalinga akaangalia upande ambao alidhani mke wake yupo. "Saizi nakuona kama mchungaji. Wakikosea, je? Si hata mchungaji nitamkosa?"

Hilo Verediana alilisikia lote, ingawa lilisemwa kwa sauti ya chini. Akahamia upande wa pili wa benchi, ule ambao macho ya mumewe yalikuwa yanatazama.

Siku ya hospitali nesi alitoka mlangoni na kuwaangalia wazee wawili walioshikana mikono kama watoto wanaovuka barabara.

"Bibi, wewe nani yake mgonjwa?"

"Mimi ndo mama wa huyo mtoto mnayemtoa," Verediana akasema. "Naomba mnionyeshe akitoka."

Nesi akacheka, akasema na neno lingine refu la maelekezo. Verediana hakulipata hata kidogo. Akamvuta Kalinga sikio.

"Kasemaje huyu?"

"Kasema na wewe ufuate, chumba kinachofuata. Cha masikio."

"Muongo," Verediana akasema, ila alikuwa ameshainuka.